Deni la Usiku Mfupi

Kaskazini huku, mwezi wa Juni, usiku haupo.
Kuna jicho tu linalofumba kidogo
juu ya ziwa, likafumbuka.
Katika kufumba huko popo alipe deni lake lote.

Usiku wa deni haukawii kucha.
Anadaiwa na tumbo,
anadaiwa na kichanga wake mmoja, uchi kama kidole gumba,
aliyemwacha darini kwa Hilja Turpeinen,
juu ya sauna, nyuma ya dohani,
ambako mbao bado zina joto la Jumamosi.

Mimi nilikuja na kopo la rangi nyekundu.
Kampuni ya mbao ilinituma kuhesabu:
msonobari huu ukatwe, ule usubiri,
na kila mti mfu uipishe mashine.
Kazi ya mchana. Ya usiku sikuwa na habari nayo.

Hilja, miaka sabini na minane, viatu vya mpira,
alinikalisha kwenye ngazi ya sauna
akanipa kidude cha plastiki, mfano wa redio ya mfukoni,
alichoachiwa na mjukuu anayesoma Joensuu.
"Washa," akasema. "Na ufunge mdomo."

Kwanza kimya. Mbu masikioni.
Kisha ta, ta, ta, tatatata, trrr,
kama mtu aliyemwaga dengu juu ya bati.
"Hapo amemla," akasema.
Na tena. Na tena. Nikaacha kuhesabu,
mimi ambaye kuhesabu ndiyo mshahara wangu.

"Marehemu Veikko aliwahi kuliziba tundu lile.
Alichukia kinyesi chao juu ya taulo.
Misumari kumi na miwili; nilikuwa nimemshikia ngazi.
Sikusema kitu. Ndoa ni kuchagua la kusemea.
Kiangazi kilichofuata tulikula ndani ya chandarua
kama bibi harusi wawili,
na miti ya gome jeupe kule ufukoni
ikavuliwa majani na viwavi, ikasimama uchi Julai nzima.
Sisemi ni kwa misumari ile.
Viwavi nao wana miaka yao.
Ila Veikko mwenyewe alipanda Agosti na koleo,
akaing'oa mmoja mmoja, bila kuniangalia."

Husemwa popo hana kwao:
ndege humkataa kwa meno yake, wanyama kwa mbawa.
Asubuhi nikafika kwenye mti mfu,
wa jamii ile itetemeshayo majani hata pasipo upepo,
ila huu haukuwa na jani la kutetemesha.
Kigong'ota alitoboa, uozo ukapanua chumba.
Chini, juu ya kuvumwani, punje nyeusi kama mchele ulioungua.
Nikaiponda moja kidoleni. Ikameremeta:
mabawa ya nondo, magamba ya mende wa gome,
mnunurisho wa vitu vilivyokusudia kuula msitu
na sasa vinarudi mizizini kuulisha.
Nikaweka sikio kwenye shina.
Mle ndani akina mama waligombea nafasi
kama abiria wa benchi moja.

Kopo sikulifungua. Nikaandika daftarini:
*Mti mfu. Umeoza. Hauna thamani. Uachwe.*
Uongo ni sentensi moja tu, na ndiyo waliyoiamini.

Januari nilirudi, si kwa kazi.
Hilja alinishusha kwenye ghala lake la mawe, la viazi,
nje theluji ikifika kiunoni.
Darini alining'inia mmoja, mdogo kuliko kiberiti,
umande umemganda manyoyani kama shanga,
moyo wake ukipiga pale tu unapokumbuka.
"Ukimwamsha bure," akanong'ona,
"anachoma mafuta aliyojiwekea hadi Aprili."

Akafunika tochi kwa kiganja, mwanga ukawa mwekundu,
akaokota viazi polepole
kama mwizi katika nyumba yake mwenyewe.
Sita. Saba.
Cha nane kikamponyoka.

Tukasimama, wote watatu,
hakuna aliyepumua.